Harry Ferguson na Trekta Dogo la Kijivu

Katika nchi yetu jina la Ferguson linajulikana hata kwa watoto wadogo, kwa kuwa limeandikwa juu ya matrekta mekundu yapitayo barabarani wakati wa kilimo. Lakini ukiuliza Ferguson ni nini, wengi watakujibu kwamba ni trekta. Wachache watakuambia kwamba alikuwa mtu, mtoto wa mkulima, aliyeichukia kazi ya shamba tangu utotoni, na ambaye kwa sababu ya chuki hiyo akabadilisha kazi ya shamba duniani kote.

Muhula huu nimepata kumjua mtu huyo kwa njia mbili. Nimesoma habari zake, na pia nimelifungua, nati baada ya nati, trekta alilolibuni mwenyewe, ambalo sisi wanachama wa Chama cha Ufundi tulilitengeneza upya katika karakana ya shule. Nimeona kwamba habari za mtu na habari za mashine yake zinafafanuana, kwa hiyo nitazieleza pamoja.

Henry George Ferguson, ambaye watu wote walimwita Harry, alizaliwa tarehe 4 Novemba, 1884, katika shamba la Growell karibu na mji mdogo wa Dromore, wilaya ya Down, upande wa kaskazini wa Ireland. Alikuwa mmoja wa watoto 11. Baba yake alikuwa mkulima hodari na mtu wa dini sana, mwenye amri kali, na mwanawe huyu hakupatana naye. Harry alikuwa na mwili mdogo, na kazi ya kufuata farasi na plau katika baridi na tope ilimchosha kuliko ndugu zake. Alipofika umri wa miaka 14 aliacha shule akafanya kazi shambani, wala hakuipenda hata siku moja. Alikuwa amekwisha kufikiri habari ya kuhama nchi, ndipo kaka yake Joe, aliyekuwa na karakana ya baiskeli na motokaa mjini Belfast, alipomwita mwaka 1902 akajifunze ufundi.

Huko Belfast kijana alijikuta. Alikuwa na sikio la ajabu la kusikiliza injini: aliweza kusimama kando ya motokaa inayonguruma akajua ni kitu gani kilichokosea ndani yake. Baada ya muda mfupi watu walianza kuleta motokaa zao kwa ajili yake hasa. Alishindana katika mbio za pikipiki, na aliposikia kwamba watu wa Marekani na Ufaransa wanaruka angani, akaazimia kuruka naye. Alikwenda kutazama maonyesho ya eropleni, akapima kwa macho, akarudi nyumbani akaanza kuunda yake. Tarehe 31 Desemba, 1909, mahali paitwapo Hillsborough, aliruka kiasi cha yadi 130. Akawa mtu wa kwanza kuruka kwa eropleni katika nchi ya Ireland. Mwaka uliofuata aliruka karibu maili tatu juu ya pwani ya Newcastle, wilaya ya Down, akapata tuzo ya pauni 100.

Msomaji ataniuliza, eropleni zina uhusiano gani na kilimo? Kwa maoni yangu zina uhusiano mkubwa. Mtu aundaye eropleni hana ruhusa ya kuongeza chuma pasipo sababu. Kila ratili asiyoihitaji itamvuta chini. Nguvu lazima itoke katika namna vitu vilivyoungwa, si katika uzito wa vitu vyenyewe. Ferguson alilichukua somo hili angani, akalishusha mpaka shambani.

Mwaka 1911 aliachana na kaka yake, akafungua biashara yake mwenyewe Belfast. Aliuza motokaa, na vita vya 1914 vilipoanza akauza pia matrekta yaliyotoka Marekani. Kadiri vita vilivyoendelea, manowari za Wajerumani zilizozama chini ya maji zilikuwa zikizamisha meli za chakula, na serikali ikataka kila shamba lilimwe. Mwaka 1917 Ferguson aliombwa kuzunguka Ireland ili kuyaangalia matrekta yaliyokuwa yakifanya kazi huko na kuwafundisha wakulima jinsi ya kuyatumia vizuri zaidi. Alikwenda na fundi wake Willie Sands, mtu mpole mwenye akili nyingi, aliyemsaidia kwa miaka mingi baadaye.

Waliyoyaona hayakuwapendeza. Trekta la siku zile lilikuwa farasi wa chuma tu. Plau ilifungwa nyuma yake kwa mnyororo, kama ilivyofungwa nyuma ya farasi, na mtu wa pili alilazimika kuiongoza. Ili magurudumu yasiteleze, watengenezaji walizidi kulifanya trekta kuwa zito, na uzito ule ukaugandamiza udongo hata ukawa mgumu kama sakafu. Tena palikuwa na hatari. Farasi akivuta plau ikakwama kwenye jiwe, farasi husimama. Lakini trekta halina akili ya kusimama. Magurudumu ya nyuma yakizuiwa, injini huendelea kusukuma, pua ya trekta huinuka juu, na kisha lote hupinduka nyuma na kumwangukia dereva. Watu wengi walikufa hivyo.

Ferguson alirudi na wazo moja, akalishika maisha yake yote: kwamba trekta na plau si vitu viwili, mvutaji na mvutwaji, bali ni kitu kimoja, na vikiungwa sawasawa, lile tope linalopinga plau ndilo litakalolishikilia trekta chini. Ilimchukua karibu miaka 20 kulikamilisha wazo hilo.

Ili msomaji alielewe, heri nimpeleke karakana. Trekta letu ni Ferguson TE20, lile dogo la kijivu. Kwenye kibati kilicho karibu na usukani namba zinaanza kwa herufi TED, maana yake ni la aina iliyowashwa kwa petroli, kisha injini ikipata moto hubadilishwa kutumia mafuta ya namna ya mafuta ya taa. Lilikuwa limekaa miaka mingi chini ya mwembe kwa mkulima mmoja jirani, naye akaipa shule bure. Kuku walikuwa wametaga chini ya kiti. Injini ilikuwa imeganda, matairi yameoza, na mafuta ya ekseli ya nyuma yamechanganyika na maji ya mvua hata yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Palikuwa na maneno ya kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kwa kweli mtu asingeweza kuwalaumu waliosema hivyo. Mkuu wa shule akatupa muda mpaka mvua za kwanza: likilima litabaki, lisipolima litauzwa kwa kilo. Shamba letu ni ekari sita, na mahindi yake ndiyo uji wetu wa asubuhi. Mwaka uliotangulia tuliweza kulima nusu tu kwa majembe ya mkono, kwa sababu fedha ya kukodi trekta haikutosha.

Tulikuwa wanafunzi watano, pamoja na mwalimu wa kilimo na mzee mmoja wa mtaani, fundi aliyestaafu, ambaye ujanani mwake aliyatengeneza matrekta ya namna hii. Sisi tulimwita Babu, naye hakutaka jina jingine. Siku ya kwanza alitukataza kugusa brashi ya rangi. Alitufundisha kwamba trekta lililopakwa rangi kabla ya kutengenezwa ni kama maiti aliyevikwa kanzu mpya.

Tukaanza na injini. Tulitoa plagi nne, tukamimina ndani ya kila silinda dizeli iliyochanganywa na mafuta ya injini, tukaacha siku kumi, na kila jioni tukajaribu kuizungusha kidogo kwa mkono bila kutumia nguvu nyingi. Siku ya 11 ikasogea upana wa kidole. Tulipoifungua tuliona kwamba silinda za injini hii si sehemu ya chuma cha injini yenyewe, bali ni mirija inayoweza kutolewa na kubadilishwa. Miwili ilikuwa imeliwa na kutu, tukapata mingine. Vipuri vya trekta hili vinapatikana hata leo, kwa sababu yalitengenezwa mengi mno.

Jambo lililotushangaza ni kwamba trekta hili halina chasisi. Injini, sanduku la gea na ekseli ya nyuma vimefungwa pamoja kwa bolti, navyo vyenyewe ndivyo uti wa mgongo. Ili kuifikia klachi ilibidi tuliegemeze juu ya magogo na kulitenganisha vipande viwili katikati, kama mtu akatavyo muwa. Hapo nilikumbuka eropleni. Hakuna chuma pale kilichowekwa kubeba chuma kingine tu. Kila kimoja kina kazi mbili.

Hata spana inaonyesha tabia ya bwana yule. Pamoja na trekta lake alitoa spana moja, na nati nyingi ambazo mkulima angepaswa kuzigusa zilifanywa kwa vipimo viwili tu vinavyolingana na ncha zake mbili. Tena juu ya mpini wa spana zilichorwa inchi za kupimia. Na mkono wa gea ndio uwashao injini: huwezi kuiwasha trekta likiwa ndani ya gea, kwa hiyo haliwezi kuruka ghafula na kumkanyaga mtu aliyesimama mbele.

Sasa nifike kwenye wazo lenyewe. Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu. Miwili ya chini huivuta plau, na mmoja wa juu huisukuma. Plau ikizama katika udongo, udongo huirudisha nyuma kwa chini, na kwa hiyo sehemu yake ya juu hutaka kuinamia mbele. Mkono wa juu hupokea msukumo huo na kuupeleka katika mwili wa trekta, nao huikandamiza pua ya trekta chini. Yaani ile nguvu iliyokuwa ikiwaua madereva kwa kulipindua trekta sasa inalizuia lisipinduke.

Lakini hiyo ni nusu tu. Mkono wa juu haukufungwa moja kwa moja na chuma, bali umekutanishwa na springi nene. Udongo ukiwa mgumu, mkono husukuma kwa nguvu zaidi, springi hubonyea, na ndani ya ekseli mtaimbo mdogo husogeza vali ya pampu ya mafuta. Mafuta hupanda, mikono ya chini huinuka kidogo, plau huchimba kina kidogo zaidi, na upinzani hurudi kama ulivyokuwa. Udongo ukiwa laini, mambo hugeuka na plau hushuka. Wakati huo wote uzito wa plau, pamoja na uzito wa udongo ulio juu yake, huyaegemea magurudumu ya nyuma na kuyafanya yashike ardhi. Na plau ikigonga kisiki, mafuta huachiliwa, uzito huyaondokea magurudumu, nayo yakazunguka bure pale pale pasipo madhara. Ndivyo trekta lenye uzito wa tani moja na kidogo tu lilivyoweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji trekta zito zaidi.

Basi katika trekta letu, fundi mmoja wa zamani tusiyemjua alikuwa ameichomelea springi ile kwa welding isiweze kubonyea, na mahali pa mkono wa juu alikuwa ameweka kipande cha nondo. Bila shaka springi ilimsumbua, na yeye akatafuta njia ya mkato. Kwa macho trekta lilikuwa zima. Lakini lilikuwa limeondolewa akili yake, likarudishwa kuwa farasi wa chuma wa mwaka 1917. Tulitumia majuma matatu kuukata ule mchomelezo bila kuharibu nyumba ya springi, kutoa pampu, kuosha vali kwa mafuta ya taa, na kubadili pete za pistoni inayoinua mikono. Baadhi ya wenzetu waliona tunapoteza wakati, maana injini ilikuwa imekwisha kuwaka na mawingu yalikuwa yakikusanyika. Babu hakukubali. Kwake yeye injini ni kitu cha kununuliwa popote, bali springi ile ndiyo Ferguson.

Mwenyewe Ferguson alipata taabu kama hiyo ya kuwaeleza watu. Alianza kwa kutengeneza plau tu, ya kufungwa nyuma ya matrekta ya watu wengine. Mwaka 1925 alishirikiana na ndugu wawili wa ukoo wa Sherman kutengeneza plau katika mji wa Evansville, Marekani, kwa ajili ya trekta la Fordson. Mwaka 1928 kiwanda cha Ford cha Marekani kikaacha kulitengeneza trekta lile, na biashara ikaporomoka. Ndipo alipoona kwamba hana budi kuunda trekta lake mwenyewe. La kwanza lilikamilika mwaka 1933, nalo lilipakwa rangi nyeusi. Mwaka 1936 alipatana na David Brown, mwenye kiwanda cha gea huko kaskazini ya Uingereza, yakaanza kutengenezwa ya kuuzwa. Yalikuwa mazuri lakini bei yake ilikuwa juu, na mkulima alilazimika kununua pia vyombo vipya vya kulimia. Yaliuzwa kiasi cha 1,350 tu, na mabwana hao wawili hawakuelewana.

Oktoba 1938 Ferguson alivuka bahari akamwonyesha trekta lake Henry Ford, shambani kwa Ford mwenyewe huko Dearborn. Ford alikuwa mzee wa miaka 75, naye pia alikuwa mtoto wa mkulima aliyeichukia kazi ngumu ya shamba. Alitazama, akaelewa mara moja. Wakakubaliana kwamba Ford atatengeneza matrekta, na Ferguson atayauza pamoja na vyombo vyake. Hawakuandika mkataba. Walipeana mikono tu, na hapo ndipo walipouweka urithi wa miaka 20 ya kazi. Trekta lililotokana na mkono ule lilitolewa Juni 1939, na kwa muda wa miaka minane yalitengenezwa zaidi ya 300,000.

Mkono wa Henry Ford ulidumu kwa muda ambao Henry Ford mwenyewe alikuwa na nguvu. Alipozeeka, uongozi ulimwangukia mjukuu wake, ambaye alikuta kampuni inapata hasara katika matrekta, na mapatano yenyewe hayakuandikwa popote. Mwaka 1947, mwaka aliofariki mzee Ford, mapatano yalikatwa, na kampuni ikatoa trekta jipya lenye mikono mitatu ile ile. Ferguson akashtaki. Kesi ilikula miaka na fedha nyingi, na Aprili 1952 ikamalizwa kwa mapatano, Ferguson akalipwa dola 9,250,000, ambazo ni sehemu ndogo tu ya alizodai. Sisi tuliojifunza tangu utotoni kwamba ahadi ni deni tunaweza kumhurumia. Lakini ni vema tukumbuke pia kwamba deni lisiloandikwa hulipwa na aliyekopa, si lazima na mrithi wake.

Hata hivyo yeye hakukaa akingoja hukumu. Mwaka 1946 trekta la TE20 lilianza kutengenezwa katika kiwanda cha Banner Lane, mji wa Coventry, Uingereza, na kampuni ya motokaa ya Standard. Mpaka mwaka 1956 yalikuwa yametoka matrekta 517,651, yakaenda karibu kila upande wa dunia. Matatu kati yake, yaliyovishwa minyororo juu ya magurudumu, yalimfikisha Edmund Hillary na wenzake kwenye Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari, 1958, kupitia katika theluji.

Katika miaka hiyo hiyo huku Tanganyika serikali ya Uingereza ilikuwa na mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine nzito zililetwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Vichaka, udongo mgumu na uhaba wa mvua vikashinda, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Sisemi kwamba trekta dogo lingeuokoa, kwa sababu makosa yake yalikuwa mengi na mengine hayakuhusu mashine. Nasema tu kwamba wakati ule ule palikuwa na namna mbili za kufikiri. Moja ilitaka kuishinda ardhi kwa uzito, na nyingine ilitaka kuisikiliza ardhi kwa springi.

Sisi tuliliona jambo hilo kwa macho yetu siku tuliyolijaribu trekta letu, siku chache kabla ya mvua. Upande wa juu wa shamba una kichanga, na upande wa chini una mfinyanzi. Babu aliweka mkono wa kina mahali pamoja, akatuamuru tusiuguse tena. Trekta likashuka. Lilipoingia kwenye mfinyanzi injini haikulia kwa uchungu wala magurudumu hayakuteleza. Tuliokuwa tukitembea nyuma tuliiona mikono ya plau ikiinuka kidogo, kiasi cha upana wa vidole viwili, yenyewe, bila mtu. Tukakimbia kuitazama springi, nayo ilikuwa ikipumua kama kifua cha mtu. Kwa siku nne tulilima ekari zote sita. Rangi tulipaka baadaye, nayo ni kijivu, kama alivyotaka mwenyewe.

Watu waliofanya kazi na Ferguson hawakumwona mtu mwepesi. Alikuwa na usafi wa kupita kiasi, alichukia fujo na uchafu, alidai kila chombo kirudishwe mahali pake, na alikuwa mgomvi katika biashara. Aligombana na kaka yake, na David Brown, na kampuni ya Ford. Mwaka 1953 aliiunganisha kampuni yake na ile ya Massey-Harris ya Kanada. Palipotokea tofauti ya dola milioni moja juu ya bei, alikubali iamuliwe kwa kurusha sarafu, akashindwa, akalipokea jambo hilo bila kinyongo. Lakini mwaka 1954 akatengana na hao nao. Jina lake lilibaki, na ndilo tulionalo hata sasa likiambatana na la Massey.

Nyuma ya ugomvi wake, lakini, lilikuwapo jambo alilolihubiri bila kuchoka. Aliamini kwamba njaa na bei kubwa ya chakula husababisha fitina na vita, na kwamba mkulima mdogo akipata mashine ndogo, rahisi, isiyomwua, chakula kitashuka bei na watu watapata amani. Pengine aliitarajia mashine ifanye kazi kubwa kuliko iwezavyo. Hata hivyo si vibaya kwa fundi kulitengeneza jembe huku akiwafikiria watu watakaokula.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafuta jinsi ya kuifanya motokaa iendeshwe kwa magurudumu yote manne, isiteleze barabarani. Alisumbuliwa na huzuni na kukosa usingizi. Tarehe 25 Oktoba, 1960, alikutwa amefariki nyumbani kwake Abbotswood, karibu na Stow-on-the-Wold, Uingereza, akiwa na miaka 75. Mwaka uliofuata motokaa ya mashindano iliyoundwa na kampuni yake, yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne, ilishinda mbio za Oulton Park. Mwenyewe hakuiona siku hiyo.

Basi, ndugu wasomaji, hayo ndiyo maisha ya Harry Ferguson. Baadhi yetu tutakuwa mafundi na wengine wakulima, na wengi tutakabidhiwa vitu vilivyotengenezwa na watu wengine kabla yetu. Nimejifunza kwake kwamba kabla ya kukiongezea kitu nguvu, yafaa kwanza kutazama kimeungwaje. Na nimejifunza kwa yule fundi tusiyemjua kwamba ni rahisi sana kuichomelea sehemu isiyoeleweka ili isitusumbue, na kazi ikaendelea miaka mingi huku kitu chenyewe kimekwisha kufa. Anayetaka kuiona springi ile aje karakana siku yoyote baada ya masomo. Tumeiacha bila kuifunika, ili kila mtu aweze kuitazama ikifanya kazi.